Kuunganisha: Historia Fupi ya Istilahi za Mitambo ya Simu

Wakazi wa Ngaremara, kaskazini ya mji wa Isiolo, wana lugha zao za nyumbani, Kiturkana kikiwa mbele. Lakini simu inapokataa kupita, tatizo hilo huelezwa kwa Kiswahili: "Mtandao hakuna." Neno mtandao, litokanalo na kutanda, limekaa vizuri. Hata hivyo lataja njia zote kwa jumla. Halitaji mtambo unaochagua njia moja kati ya hizo. Makala haya yanakusudia kuchunguza kwa nini mtambo huo umekosa jina.

Waya wa telegramu uliopita chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Neno simu, ambalo katika Kiajemi lilikuwa na maana ya waya, lilitumika kwa telegramu na baadaye kwa mazungumzo pia. Tukapata kupiga simu, kupokea simu na kukata simu. Yafaa ieleweke kwamba vitenzi hivyo vyote ni vya mtumiaji. Kutoka ndani ya kituo kilitufikia kimoja, nacho ni kuunganisha: mpigaji alimwomba opereta amwunganishe, naye akachomeka waya katika tundu la aliyetafutwa.

Mwaka 1891 Almon Strowger wa Marekani alipata hataza ya mtambo uliofanya kazi hiyo bila opereta. Mkono wa chuma ulipanda kwa kufuata tarakimu moja, ukazunguka kwa kufuata nyingine, ukagusa waya uliotakiwa. Mitambo ya kujiendesha ilipoenea Afrika ya Mashariki, mafundi walifundishwa kwa Kiingereza. Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, zilishughulikia istilahi za fani nyingi. Lakini istilahi haiishi pasipo mdomo wa kuitumia kazini.

Wako wanaopendekeza tuuite mtambo huo swichi. Swichi tuijuayo huwasha taa na kuizima. Mtambo wa simu kazi yake ni kuchagua. Tena katika mitambo ya tarakimu, sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na vipimo vya wasemaji wengi hupita kwa zamu katika njia moja. Mtambo huzipanga upya zamu hizo. Hapana waya unaogusa waya, lakini wasemaji wameunganishwa vile vile.

Kwa hiyo basi, kitenzi cha opereta kingali kweli. Kiunganishi tumekwisha kukitwaa sisi wanasarufi. Yatosha kusema mtambo wa kuunganishia. Anayelipia huduma ana haki ya kuelezwa kasoro iko wapi: katika mnara, katika njia, au katika mtambo. Asipokuwa na jina la kila kimoja, mzee wa Ngaremara atabaki na jibu lile lile, kwamba mtandao hakuna.