Dishi Linalotazama Utosini

Githongo, msomaji mpendwa, ipo katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, jirani kabisa na mstari wa ikweta. Jambo hilo la jiografia, ambalo pengine ulilikariri darasani bila kulifikiria, ndilo liamualo namna ya kutega dishi la televisheni hapa, liwe juu ya paa la nyumba au juu ya gari la msafiri alalaye humo njiani.

Zamani gari ndilo lililoleta picha vijijini. Serikali ya kikoloni ilikuwa na magari ya sinema, nayo katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, yalitumika kueneza habari zilizoipendeza serikali. Watu walikusanyika uwanjani wakatazama. Liangalie vema jambo hili: picha ilifika, lakini mtazamaji hakuulizwa aitakayo. Hata baada ya uhuru televisheni ilikuwa mkononi mwa serikali peke yake, hadi KTN ilipoanza mwaka 1990.

Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta, kimo cha kilomita zipatazo 36,000, kitazunguka sawasawa na dunia, hata kionekane kimesimama mahali pamoja. Mwaka 1964 chombo cha namna hiyo, Syncom 3, kilipeleka picha za Olimpiki kutoka Tokyo hadi Marekani. Kenya nayo ikafungua kituo cha Longonot mwaka 1970. Dishi la huko halikuwa la kubebwa na gari! Ilibidi kwanza setilaiti ziongezwe nguvu, ndipo sahani isiyotimiza hata mita moja ikatosha.

Sasa chukua ramani yako. Vipindi vya DStv hurushwa kutoka setilaiti iliyo kwenye nyuzi 36 mashariki. Githongo ipo kati ya nyuzi 37 na 38. Basi setilaiti hiyo iko karibu utosini mwetu, na dishi hulazwa likatazama juu. Huko London, msafiri huelekeza lake chini, yapata nyuzi 25 tu juu ya upeo wa macho, na ghorofa moja humnyima picha. Hapa kwetu mgrevilea wa jirani haudhuru kitu, mradi usiegeshe gari chini ya matawi yake. Mvua za masika ndizo adui, kwa kuwa matone mazito hudhoofisha mawimbi. Tena miteremko yetu hulalisha gari upande, na kosa la nyuzi 2 latosha kupoteza picha. Kwa hiyo kila kituo cha safari kazi huanza upya.

Lakini mtu aliyetega vizuri hajawa bwana wa picha. Februari 2015, serikali ilipozima mitambo ya analogi, KTN, NTV na Citizen zilikuwa katika ugomvi nayo juu ya nani atachukua matangazo yao ya dijitali. Zikanyamaza kwa majuma yapata matatu. Setilaiti ilikuwa mahali pake, dishi limelala sawasawa, na mwenye gari hakupata taarifa ya habari ya stesheni hizo, kama vile jirani yake asiye na dishi.