Safari ya Kopo la Maziwa hadi Baraka

Katika teritwari ya Fizi, kusini ya mkoa wa Kivu ya Kusini, milima hushuka kwa ghafla hata ukingo wa Ziwa Tanganyika, na wakazi wa mji wa Baraka na wa rasi ya Ubwari wameishi tangu dahari kwa muhogo, mawese na ndakala, wale dagaa wavuliwao usiku wakati wa giza la mwezi. Ama maziwa ya ng'ombe, hayo yalikuwa riziki ya wafugaji wa nyanda za juu, pande za Minembwe, wala hayakuwa chakula cha kila siku cha watu wa pwani. Kwa sababu hiyo tarehe ya maziwa yasiyo ya mama katika nchi hii ni tarehe ya kitu cha kuja: kililetwa na makampuni, kikaletwa na serikali, kikaletwa na wafadhili na wachuuzi, na kila aliyekileta alikuja na hoja yake, lakini katika wote hao ni wachache mno waliokileta pamoja na maji safi ya kukikorogea, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililoamua siha ya wachanga kuliko kopo lenyewe.

Kabla ya kopo, mchanga aliyezaliwa hakuwa na njia nyingine ya kuishi ila ziwa la mwanamke. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliovuka kutoka Ujiji katika karne ya 19 walikuja na sharia iliyokwisha kuyaweka mambo haya katika mizani: Kurani imetaja miaka miwili kamili kwa apendaye kutimiza kunyonyesha, imeruhusu mtoto apewe mnyonyeshaji mwingine kwa ujira wa haki, na imeharimisha ndoa baina ya walionyonya kwa mama mmoja, kwa kuwa wamekwisha kuwa ndugu. Wenyeji wa bara nao hawakuwa na haja ya kufundishwa, maana katika sehemu nyingi za Kongo mama alinyonyesha miaka miwili au mitatu, na muda huo alijitenga na mumewe, ili mimba nyingine isije mapema ikamnyang'anya mtoto haki yake.

Desturi hiyo ndiyo iliyowaudhi Wabelgiji. Wakiwa na hofu kwamba watu wa Kongo wanapungua, nao wanahitaji mikono ya kazi migodini na mashambani, baadhi ya matabibu na maafisa wao walifikiri kwamba kunyonyesha kwa muda mrefu kunachelewesha mimba na kunawatia wanaume katika ndoa za mitala, na kwa hiyo ni heri mtoto aachishwe ziwa mapema. Huko Ufaransa, tabibu Léon Dufour alikuwa amefungua katika mji wa Fécamp, mwaka 1894, nyumba iliyoitwa Tone la Maziwa, ambamo wanawake maskini walipimiwa watoto wao na kupewa maziwa yaliyochemshwa. Mfano huo ukachukuliwa hadi Kongo, ambako jumuiya ya kuwalinda watoto weusi iliundwa mwaka 1912 na mabibi wa Kizungu wakaanza kupima, kuandika na kugawa. Unga wa Henri Nestlé, aliyeanza kuuza chakula chake cha wachanga mjini Vevey, Uswisi, mwaka 1867, ulikuwa umekwisha kuzunguka dunia. Fizi ilikuwa mbali na migodi ya Katanga, na baraka hizo, kama ni baraka, zilifika huko kwa uchache. Lakini fikira ilikwisha kupandwa, kwamba maziwa ya kopo ni alama ya ustaarabu na ziwa la mama ni alama ya ushenzi.

Ni ajabu kwamba mmoja wa watu wa kwanza kulikemea jambo hili hadharani alikuwa tabibu wa serikali ya kikoloni. Cicely Williams, aliyeeleza ugonjwa wa kwashakoo huko Gold Coast mwaka 1933, alihamishiwa Malaya, na mwaka 1939 akasimama mjini Singapore mbele ya wanachama wa Rotary akasema kwamba vifo vya wachanga vinavyotokana na kuwashawishi mama wanunue maziwa yasiyofaa vinastahili kuhesabiwa kuwa ni mauaji. Hotuba yake haikubadili biashara. Ugonjwa aliouelezea ndio uliowashughulisha baadaye wataalamu wa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, ambako taasisi ya utafiti ya Wabelgiji ilianzishwa mwaka 1947. Na katika miaka ya 1950 UNICEF ikapeleka Afrika ya Kati shehena za unga wa maziwa yaliyoenguliwa mafuta, yaliyokuwa yamezidi katika maghala ya Marekani. Maziwa hayo yalikusudiwa watoto waliokwisha kuachishwa ziwa, na kwa hao yalifaa. Lakini unga ukishaingia nyumbani, nani atasimama mlangoni kuamua ni mtoto wa umri gani atakayeunywa?

Mambo ya miaka iliyofuata nayapita upesi, kwa kuwa ni vita. Uasi wa mwaka 1964 uliwakuta watu wa Fizi katikati yake, Che Guevara akavuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965, na kabla ya mwaka kwisha jeshi la serikali na mamluki wake lilikuwa limeiteka Baraka. Kisha, tangu 1967, chama cha Laurent-Désiré Kabila kikashika milima kwa miaka mingi. Wakati huo ulimwengu wa mbali ulikuwa ukigombana juu ya kopo: kijitabu cha Mike Muller kilitoka Uingereza mwaka 1974 kikiyashutumu makampuni, mgomo wa kuisusia Nestlé ukaanza Marekani mwaka 1977, na tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni ya kuzuia matangazo ya maziwa ya wachanga kwa kura 118 dhidi ya moja, nayo ni ya Marekani. Mama wa Fizi hawakuwa na habari ya kura hiyo. Kilichowafikia ni kipindupindu, ambacho kiliingia mashariki ya Kongo mwaka 1978, kikajifanyia maskani katika miji ya ziwani, na hata leo hakijahama.

Vita vya mwaka 1996 vilivusha maelfu ya watu wa Fizi hadi mkoa wa Kigoma, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Huko walikutana na kanuni nyingine: shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeamua tangu 1989 kwamba unga wa maziwa usigawiwe mkavu pamoja na posho ya kawaida, ila utolewe tu chini ya macho ya waganga. Wenye kuitazama kanuni hiyo kwa juu juu waliiona ni uchoyo, walakini aliyewahi kupanga foleni ya maji kambini anaijua sababu yake. Tangu mwaka 2005 wakimbizi walianza kurejea kwa meli, Mwongozo ikiwashusha Baraka pamoja na magodoro, masufuria na watoto ambao hawakuwahi kuiona nchi ya wazazi wao.

Katika miaka hiyo hiyo Ukimwi uliwatia hata wanyonyeshaji katika shaka. Uchunguzi uliofanywa Nairobi, ukatangazwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba watoto wa mama wenye virusi waliopewa maziwa ya kopo waliambukizwa asilimia 20.5, na walionyonyeshwa asilimia 36.7, ila waliokubaliwa kuingia katika uchunguzi huo ilikuwa sharti wawe na maji ya bomba ya manispaa, na hata hivyo vifo katika miaka miwili ya kwanza havikupishana sana baina ya makundi mawili. Botswana, kwa nia njema kabisa, ilitoa maziwa bure kwa wachanga wa mama hao. Mvua kubwa za mwanzo wa mwaka 2006 zilipochafua maji, kuhara kukazuka, na mamia ya watoto wakafa, wengi wao wasionyonya. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza mama mwenye virusi anyonyeshe akiwa yeye au mwanawe anatumia dawa za kupunguza nguvu za virusi. Alhasili, katika muda wa miaka mia moja mama wa Kongo aliambiwa aache, aendelee, aache tena, kisha aendelee, na kila mara msemaji alikuwa amevaa koti jeupe.

Hesabu yenyewe haina huruma. Mchanga asiyenyonya kabisa huhitaji takriban kilo 20 za unga wa maziwa katika miezi 6 ya mwanzo, kila chupa ikorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado ni moto, na makaa ya kuchemshia yanunuliwe. Familia ya mvuvi wa Baraka au ya mchimba dhahabu wa Misisi haina fedha hizo, basi huzimua: kijiko kimoja mahali pa vitatu, maji yaonekane meupe, mtoto anyamaze. Au hununua pakiti ndogo ya maziwa ya unga ya watu wazima, ambayo yana chumvi na protini kupita uwezo wa figo za mchanga, na madini ya chuma kidogo mno. Wanaowalaumu mama hawa kwa ujinga nawaomba wataje wao ni chakula gani wangempa mtoto wa siku 20 ambaye mama yake amekufa katika uzazi, ilhali duka lililo karibu halina zaidi ya pakiti hiyo.

Kwa watoto wa namna hiyo ndipo kopo lina haki yake. Katika wodi za utapiamlo, ambazo wauguzi wa Kongo huziita UNTI, maziwa ya tiba hutolewa kwa kipimo kama dawa, tena kwa kikombe, kwa kuwa chupa ni vigumu kuisafisha. Na pale mama yupo lakini maziwa yamemkauka kwa maradhi au huzuni, iko mbinu ya subira: mrija mwembamba huunganishwa na chuchu, ncha yake ya pili ikatiwa katika kikombe cha maziwa ya tiba yaliyozimuliwa, mtoto akanyonya mama na kikombe kwa pamoja, na kule kunyonya kukaliamsha ziwa, siku baada ya siku kikombe hupunguzwa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifanya kazi katika hospitali ya Baraka kwa miaka mingi kuanzia 2003, na katika muda huo wakimbizi wa Burundi waliongezeka katika teritwari hii, kambi ya Lusenda ikifunguliwa mwaka 2015. Mbinu hiyo ya mrija humtaka muuguzi akae na mama kila anaponyonyesha, usiku na mchana, kwa siku kadhaa, nayo ni saa ambazo wodi iliyojaa wakati wa kipindupindu hukosa kabisa.