Nani Mwenye Picha ya Nchi?

Tarehe 23 Julai, 1972, Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Kazi yake ilikuwa kuizunguka dunia na kuipiga picha: misitu, mito, mashamba na miamba, pasipo kujali mipaka ya mataifa. Hapakuwa na sheria iliyovunjwa, kwani Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 ulikwisha kuyapa mataifa yote uhuru wa kuitumia anga hiyo.

Hata hivyo mataifa mengi yaliingiwa na hofu, nayo haikuwa hofu ya bure. Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa ulikuwa umetamka kwamba kila taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya mali ya asili iliyomo nchini mwake. Je, mamlaka hayo yana maana gani ikiwa mgeni aweza kujua hali ya ardhi kabla ya mwenye nchi? Argentina na Brazil, miongoni mwa nyingine, zilitaka nchi ipigwayo picha iombwe idhini kwanza. Marekani ilishikilia kwamba picha zitolewe kwa kila azitakaye.

Suluhu ilipatikana tarehe 3 Desemba, 1986, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha kanuni 15. Sharti la idhini halikuwekwa. Badala yake, nchi iliyopigwa picha ilipewa haki ya kuzipata picha hizo na takwimu zake bila ubaguzi, kwa bei ya kiasi.

Lakini kiasi hicho kipimwe na nani? Kanuni hazikusema. Wakati huo uuzaji wa picha za Landsat ulikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, na picha moja ikafikia bei ya zaidi ya dola 4,000. Nchi maskini ilikuwa na haki ya kununua, ila fedha haina. Mlango ulifunguka mwaka 2008, Marekani ilipoamua kuzitoa picha zote bure. Na tangu malengo 17 ya maendeleo endelevu yapitishwe mwaka 2015, picha hizo zimesaidia kupima mabadiliko ya maziwa na misitu, hata katika nchi zisizo na setilaiti.

Yafaa kupambanua hapa. Kilichowafaa maskini si kanuni za mataifa, bali uamuzi wa taifa moja. Na kanuni za 1986, zikiwa azimio wala si mkataba, hazililazimishi taifa hilo kuudumisha uamuzi wake. Haki hudaiwa, hisani huombwa. Mpaka mataifa yenyewe yatakapolifasiri neno “kiasi”, nchi nyingi zitaendelea kujipima kwa hisani ya mwenye chombo.