Nyumba ya Daudi na Nyumba ya Asafu



Sherehe ya waimbaji haiwezi kupita bila kumtaja Mfalme Daudi. Kati ya Zaburi 150, 73 zina jina lake. Alikuwa mpiga kinubi kabla ya kuwa mfalme, na alipotawazwa aliweka kwaya mbele za Bwana. Lakini katika siku hii ya jubilei ni vyema tuisome historia yake yote, pamoja na mambo ya nyumbani kwake.

Daudi alizaliwa Bethlehemu, kitinda mimba wa wana wanane wa Yese. Yese alikuwa mjukuu wa Boazi na Ruthu, yule mwanamke Mmoabu. Nabii Samweli alipokuja kumtafuta mfalme, Daudi hata hakuitwa. Alikuwa malishoni na kondoo. Kinubi ndicho kilichomfikisha kwa Sauli, kwa maana muziki wake ulimtuliza mfalme huyo aliyesumbuliwa na roho mbaya. Alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 30, karibu mwaka 1000 K.K. Alikaa Hebroni miaka saba na miezi sita, kisha Yerusalemu miaka 33. Mnamo 1993, huko Tel Dan kaskazini mwa Israeli, wachimbaji walipata jiwe la karne ya tisa K.K. linalotaja nyumba ya Daudi.

Nyumba hiyo ilikuwa kubwa. Hebroni pekee walizaliwa wana sita, kila mmoja na mama yake: Amnoni, Kileabu, Absalomu, Adoniya, Shefatia na Ithreamu. Yerusalemu wakazaliwa wengine, akiwemo Sulemani, mwana wa Bathsheba.

Bathsheba alikuwa mke wa Uria, askari aliyekuwa vitani. Daudi alimchukua, kisha akapanga Uria auawe. Nabii Nathani alipomkabili, Daudi alikiri na kutubu. Alisamehewa, lakini shida haikutoka nyumbani mwake. Amnoni, mzaliwa wake wa kwanza, alimbaka Tamari, dada yake wa kambo. Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu mwanawe, wala kwamba alimwita binti yake amsikilize. Tamari akabaki mpweke nyumbani kwa Absalomu, kaka yake.

Baada ya miaka miwili Absalomu alilipiza kisasi kwa kumuua Amnoni, akakimbilia Geshuri kwa baba ya mama yake, akakaa huko miaka mitatu. Aliporudi, baba na mwana waliishi mji mmoja miaka miwili bila kuonana uso kwa uso. Ndipo Absalomu akaasi, na mfalme mzee akapanda Mlima wa Mizeituni miguu mitupu, akilia. Absalomu alipouawa katika msitu wa Efraimu, ushindi wa siku hiyo uligeuka kuwa matanga. Aliyeweza kumtuliza Sauli kwa kinubi alinyamaza penye jambo la kusemwa, na nyumba yake ikavunjika.

Sasa tutazame kwaya yake. Daudi aliwaweka Asafu, Hemani na Yeduthuni kuwa viongozi. Waimbaji wenye ujuzi walikuwa 288, katika makundi 24 ya watu 12. Zamu zao zilipigiwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Hemani alikuwa na wana 14 na mabinti watatu, na Maandiko yanasema waliimba chini ya uongozi wa baba yao. Kazi ilitoka kwa mzazi ikaenda kwa mtoto.

Mwaka 586 K.K. Wababeli waliteketeza hekalu, na kiti cha Daudi kikaanguka. Watu waliporudi kutoka uhamishoni, Zerubabeli wa ukoo wa Daudi alikuwa pamoja nao, lakini kama liwali, si mfalme. Na waimbaji je? Kitabu cha Ezra kinahesabu wana wa Asafu 128 waliorudi. Msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, walisimama na matoazi yao wakamsifu Bwana kwa utaratibu uleule wa Daudi. Zaidi ya miaka 400 ilikuwa imepita. Kiti cha enzi hakikuwepo, lakini kwaya ilikuwepo.

Ndugu waimbaji, hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, wimbo hudumu pale unapofundishwa. Tusione uchovu kumshika mkono mtoto anayejifunza sauti yake, awe soprano, alto, tena au besi. Pili, sauti nzuri Jumapili haifuniki ukimya wa nyumbani. Kama yuko Tamari kati yetu, tumsikilize. Kama kuna wawili katika kwaya ambao hawaonani uso kwa uso, wapatane kabla ya wimbo unaofuata.

Bwana aibariki jubilei yetu, na wajukuu wetu wakutwe wakiimba.