Safari ya Kisiwani: Upepo, Maji na Watu wa Bara

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima, Mkoa wa Singida

  Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne haya: MPAGAZI, KASKAZI, KUSI, BAMVUA. Ninyi wanafunzi yatazameni vizuri. Kila tutakapofika kwenye neno mojawapo, tutalieleza.

Leo tutazungumza juu ya safari. Tuseme darasa letu limevuna alizeti na vitunguu, limeuza, na kila mtu ameweka akiba kidogo kidogo. Sasa mtu mmoja anasimama na kusema: "Ndugu zangu, kuku wa Singida wamefika pwani mara nyingi kuliko sisi wenyewe. Mwaka huu twendeni Unguja. Tukapumzike, tukaione bahari, tukapande mashua yenye tanga."

Ni shauri jema. Lakini safari njema hupangwa, na anayetaka kupanga vizuri huwauliza kwanza waliotangulia. Basi tuwaulize.

Njia ya zamani

Katika karne ya 19, kabla ya reli na motokaa, watu wa bara walikwenda pwani kwa miguu. Njia kubwa ya misafara ilitoka Tabora, ikapita Ugogo, ikafika Bagamoyo. Kati ya Tabora na Ugogo ilipita katika pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali, maana yake shamba kali. Pori hilo lilikuwa katika nchi ambayo leo ni Manyoni na Itigi, yaani katika mkoa wetu. Maji yalikuwa haba, vichaka vilikuwa vya miiba, na msafara ulihitaji siku kadhaa kulivuka.

Waliobeba mizigo katika misafara hiyo waliitwa wapagazi. Hili ndilo neno letu la kwanza. Mpagazi ni mtu achukuaye mzigo kwa ujira. Mzigo wake ulikuwa wa kilo 30 au zaidi: pembe za ndovu wakati wa kwenda pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba wakati wa kurudi. Wanyamwezi walisifiwa sana kwa kazi hiyo.

Safari ilikuwa ndefu. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni, wakafika Tabora mwezi wa Novemba. Walitumia siku zaidi ya 130, wakiongozwa na kuchukuliwa mizigo yao na Waafrika walioijua njia.

Sasa sikilizeni jambo lililo kubwa katika somo hili. Wapagazi wa Unyamwezi hawakuondoka wakati wowote tu. Walipenda kuondoka baada ya mavuno, kiangazi kinapoanza, wakaazimia kurudi kabla ya mvua za kulima. Walikuwa wakulima kwanza, na wasafiri baadaye. Kalenda yao ya kwanza ilikuwa ya mvua.

Lakini si wote waliopita njia ile kwa hiari yao. Wengine walipelekwa pwani kama watumwa, wakavushwa bahari hata Unguja, wakauzwa sokoni. Hao hawakuulizwa wanataka kwenda lini, wala watarudi lini. Wengi hawakurudi kabisa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza tarehe 5 Juni. Mwaka huohuo likaanza kujengwa kanisa mahali pale, nalo lipo hata leo katika mtaa wa Mkunazini.

Baadaye ilikuja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ilipita Manyoni na Itigi, ikakata palepale penye Mgunda Mkali. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme husafiri kati ya Dodoma na Dar es Salaam kwa saa chache tu. Mtu wa Singida apandaye basi hata Dodoma, kisha treni hiyo, hufika pwani akiwa na nguvu zake, na mzigo alionao ni wake mwenyewe.

Upepo

Tumefika pwani. Hapa tunakutana na kalenda ya pili, nayo ni ya upepo.

Neno letu la pili ni kaskazi, na la tatu ni kusi. Kaskazi ni upepo uvumao kutoka upande wa kaskazini, kuanzia mwezi wa Desemba hivi mpaka Machi. Kusi ni upepo uvumao kutoka upande wa kusini, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba. Kwa maelfu ya safari, pepo hizi mbili zilikuwa ndizo injini za vyombo vya Bahari ya Hindi. Majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakaleta tende, nguo na vyombo vya udongo. Yalingoja pwani yetu mpaka upepo ugeuke. Kusi iliposhika, yakarudi na pembe, boriti za mikoko na nafaka.

Habari hizi ni za kale sana. Kitabu kimoja cha Kiyunani, kilichoandikwa karibu miaka 2,000 iliyopita, chataja mashua za pwani hii zilizoshonwa kwa kamba, pasipo misumari. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Mombasa na Kilwa, kisha akarudi Arabuni. Nahodha hakuuliza, "Mimi nataka kwenda lini?" Aliuliza, "Upepo utanipeleka lini?"

Basi tuziweke kalenda zetu mbili pamoja. Mkulima wa Singida ana kazi nyingi tangu Desemba mpaka Aprili, mvua zinaponyesha. Hawezi kuondoka. Mwezi wa Machi mpaka Mei ni masika huko pwani. Mvua ni kubwa, na siku nyingi si za kukaa ufukoni. Lakini Juni mpaka Septemba mavuno yetu yamekwisha, pwani ni kukavu, na joto limepungua. Kwa hiyo wakati ufaao kwa mkulima wa Singida ni uleule waliousafiria wapagazi wa zamani. Mpango wao ulikuwa wa busara, nasi tunaurithi.

Hata hivyo, kusi una ukali wake. Huvuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, na bahari huchafuka. Tusifichane jambo hili, maana limekwisha kuua watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imepakia watu wengi kupita kiasi chake, na mamia wakafa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, siku ambayo upepo ulikuwa mkali.

Ndugu zangu, hapa ndipo kusoma kunapookoa maisha. Ninyi sasa mnajua kusoma. Kabla ya kupanda chombo chochote, someni kibao chenye idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Ulizeni yako wapi majaketi ya kuokolea maisha, mkavae ninyi na watoto wenu. Sikilizeni utabiri wa hali ya hewa. Nahodha akisema, "Leo hatutoki," msimlaumu wala msimwongeze fedha ili atoke. Huyo ndiye nahodha wa kweli. Na mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, shukeni. Nauli iliyopotea yaweza kutafutwa tena.

Maji

Sisi tunalijua Ziwa Singida, na maji yake ya chumvi. Wengine tunalijua Ziwa Kitangiri na mitumbwi yake. Lakini ziwa halifanyi ifanyavyo bahari. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Maji hupanda kwa muda wa saa sita hivi, kisha hushuka kwa muda kama huo. Kesho yake huchelewa karibu dakika 50. Kwa hiyo saa uliyoogelea leo si saa utakayoogelea wiki ijayo.

Neno letu la nne ni bamvua. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Huko Unguja tofauti yaweza kupita mita tatu. Wakati huo ndio bamvua. Wavuvi na mabaharia wamefuata hesabu hii ya mwezi tangu kale.

Katika pwani ya mashariki, kama Jambiani na Paje, maji yakipwa huenda mbali sana, mtu akaona mchanga na matope tu mahali palipokuwa na bahari asubuhi. Mgeni asiyejua hunung'unika, akadhani ametapeliwa. Lakini wenyeji wana kazi wakati huo. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 wanawake wa vijiji hivyo wamelima mwani, wakifunga vipande vyake kwenye kamba zilizowambwa kwa vigingi. Ni shamba lao, kama alizeti ni shamba letu. Tusikanyage kamba zao, maana hakuna hapa apendaye mgeni apite katikati ya vitunguu vyake. Wahenga walisema: maji yakijaa hupwa. Nasi twaongeza: yakipwa, ngoja, yatajaa tena.

Mpango wetu

Sasa darasa letu lipange. Tuseme ni siku tano za mwezi wa Julai.

Siku ya kwanza twafika Unguja kwa meli kutoka Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili hivi kwa meli ya haraka. Kila mtu awe na kitambulisho chake. Mchana tutembee Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini kabla ya kwenda Forodhani kula pweza, twende Mkunazini. Tusimame kidogo mahali palipokuwa soko la watumwa. Yawezekana kabisa kwamba mtu wa nchi yetu alisimama hapo, naye hakuja kupumzika. Sisi tuliokuja kwa hiari, na tikiti ya kurudi i mfukoni, tumkumbuke.

Siku ya pili, asubuhi upepo ukiwa bado mpole, tupande mashua kwenda kisiwa cha Changuu, karibu na mji. Huko wako kobe wakubwa, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Visiwa vya Shelisheli.

Siku ya tatu twende kusini. Kizimkazi pana msikiti wenye maandishi ya mawe ya mwaka 1107. Ni vizuri watu wanaojifunza kuandika waone maandishi yaliyodumu miaka zaidi ya 900. Na mwezi huohuo wa Julai, Makunduchi husherehekewa Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi. Darasa liulize mapema tarehe yake.

Siku ya nne ni ya ufukoni, Jambiani. Tuulize jioni iliyotangulia maji yatajaa saa ngapi. Asiyejua kuogelea asipite maji ya magoti. Tuvae nguo za heshima tupitapo vijijini, na tuamkie wazee.

Siku ya tano twende kaskazini, Nungwi, kwa mafundi wa vyombo. Huko tutaona mbao zikichongwa na nyufa zikizibwa kwa pamba. Tutapanda ngalawa, mtumbwi wenye tanga na mbao mbili za pembeni zinazouzuia usipinduke. Tanga likijaa upepo, tutakuwa tumeonja kidogo safari ya mababu wa bahari.

Neno la mwisho

Mtu mwingine atasema: "Kupumzika si kazi ya mkulima. Hayo ni mambo ya watu wa ofisini." Sivyo. Ni kweli kwamba sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mkulima hana mtu wa kumpa likizo. Lakini mvua humpa. Kiangazi ni likizo yake, na wapagazi waliitumia kwa kubeba pembe za watu wengine. Sisi tukiitumia kwa kwenda kuitazama nchi yetu, hatupotezi wakati. Tunapita njia ya wazee wetu bila mzigo kichwani.

Maswali ya darasa

1. Mgunda Mkali ulikuwa wapi, na kwa nini uliitwa hivyo?
2. Kwa nini wapagazi waliondoka baada ya mavuno?
3. Kaskazi huvuma miezi gani? Kusi je?
4. Bamvua ni nini?
5. Andika mambo matatu utakayoyatazama kabla ya kupanda chombo cha baharini.

Kazi ya nyumbani: mwulize mzee mmoja wa kijijini kwako aliyesafiri kwenda pwani zamani. Alikwenda kwa njia gani, mwezi gani, na alirudi na nini? Andika majibu yake kwa sentensi tano, uyalete darasani.

Kwaherini, wasikilizaji wetu, mpaka somo lijalo.