Pete Seibert, mwanajeshi mwenye goti lililovunjika aliyeanzisha kituo cha skii cha Vail

Tarehe 15 mwezi wa saba 2002, Mmarekani Pete Seibert alifariki kwa ugonjwa wa kansa. Alikuwa na miaka 77. Kwa watu wanaopenda mchezo wa skii, jina lake linaenda pamoja na la Vail, mlima na mji wa jimbo la Colorado, Marekani. Yeye ndiye anaitwa mwanzilishi wa Vail. Lakini historia ya mlima ule inaonyesha kama kuanzisha kitu na kukimiliki ni mambo mawili, na kama fasi moja inaweza kuwa na wazazi wengi.

Skii ni nini?

Skii ni kuteleza juu ya theluji, mtu akiwa amefunga mbao mbili ndefu na nyembamba kwenye viatu. Theluji yenyewe wakaaji wa upande wa Beni na Mutwanga wanaona weupe wake kwa mbali, juu ya Ruwenzori, siku ambayo mawingu imefunguka. Ili mchezo uwezekane, kunatakiwa mlima mzuri, theluji ya miezi mingi, na mashini ya kupandisha watu: viti ao vibanda vidogo vinavyovutwa na kamba ya chuma. Fasi yenye vitu hivyo vyote ndiyo inaitwa kituo cha skii.

Vail iko karibu kilometa 160 magharibi ya mji wa Denver. Kilele chake kina mita 3527. Ni kupita kidogo tu Nyiragongo, ambayo ina mita 3470.

Goti lililobaki Italia

Seibert alizaliwa mwaka wa 1924 katika jimbo la Massachusetts, akajifunza skii akiwa kijana. Wakati wa vita ya pili ya dunia aliingia katika divizio ya 10 ya milimani. Hiyo ilikuwa kikosi cha wanajeshi waliofundishwa kupigana kwenye milima na baridi. Kambi yao, Camp Hale, ilikuwa Colorado, si mbali na fasi ambapo Vail ingezaliwa kisha. Huko walilala ndani ya theluji na kupanda majabali wakiwa na mizigo mizito mgongoni.

Mwanzo wa mwaka wa 1945 divizio ilipelekwa Italia kupigana na Wajeremani. Karibu wanajeshi wake 1000 walikufa kule. Mwezi wa tatu 1945, bomu lilimpata Seibert na kumuumiza vibaya sana. Goti lake la kuume liliharibika. Alipitisha zaidi ya mwaka mmoja hospitalini, na waganga wakamwambia kama mambo ya skii yamekwisha kwake.

Hakukubali. Mwaka wa 1946 alienda Aspen, kituo kingine cha Colorado, akafanya kazi katika kikundi cha kuokoa watu wanaoumia mlimani. Mwaka wa 1947 alishinda kombe la Roch, moja ya mashindano makubwa ya wakati ule. Mwaka wa 1950 akaingia katika timu ya taifa.

Hakuwa peke yake. Wanajeshi wengi wa divizio ile, waliporudi katika maisha ya raia, walianzisha ao kuongoza vituo vya skii, wengine wakawa walimu wa mchezo huo. Jeshi liliwafundisha mlima kwa sababu ya kupigana. Vita ilipoisha, ujuzi uleule ukawa kazi ya kuwalisha wao na familia zao. Ndiyo sababu huko Marekani skii ya leo haiwezi kuelezwa bila kutaja divizio ya 10.

Seibert alikwenda pia kusoma kazi ya hoteli huko Lausanne, Uswisi. Alikuwa na wazo moja kichwani: kutafuta mlima wake.

Mtu aliyejua mlima

Mlima, hakuuvumbua yeye. Aliyemwonyesha ni Earl Eaton, mtoto wa wachungaji na wakulima wa bonde lile. Eaton alizunguka milima ile miaka mingi, na alikuwa akitafuta madini ya uranium. Madini hakuona. Aliona mteremko.

Mwezi wa tatu 1957, wanaume hao wawili walipanda kwa miguu ndani ya theluji nyingi. Safari ilichukua karibu saa saba. Mtu aliyepita chini barabarani hakuweza kujua siri ya mlima ule, sababu upande wa mbele unaficha mambo yaliyo nyuma. Walipofika juu, waliona mabonde makubwa yaliyo wazi, karibu bila miti, yamejaa theluji. Seibert alielewa palepale kama amepata alichokuwa anatafuta.

Kununua bila kelele

Mlima wenyewe ulikuwa ndani ya pori la serikali, basi ilihitaji ruhusa ya idara ya misitu. Ruhusa hiyo ilichukua miaka. Lakini chini, fasi ya kujenga mji, ilikuwa mashamba ya wafugaji wa kondoo. Seibert na wenzake walinunua shamba moja la karibu hekta 200 kwa dola 55 000. Hawakusema wanajenga kituo cha skii. Walisema ni kikundi cha wawindaji na wavuvi. Sababu inaeleweka kwa kila mtu aliyekwisha kununua kiwanja: habari ikitoka, bei inapanda. Lakini mfugaji aliyeuza alitoa shamba lake bila kujua litakuwa nini kesho.

Feza zingine zilitafutwa mtu kwa mtu. Wawekezaji karibu 100 walitoa kila mmoja dola 10 000, na kwa hiyo wakapewa nafasi ya kupata kiwanja na haki ya kuteleza bure maisha yao yote. Benki hazikuwa na haraka ya kuamini mradi wa mji ambao haukuwa na nyumba hata moja.

Tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 1962, Vail ilifunguliwa. Kulikuwa na vibanda vya kamba na mistari miwili tu ya viti vya kupanda. Kuteleza siku nzima kulilipwa dola 5.

Wenyeji wa zamani

Katika miaka ile ya kwanza, theluji ilikawia kuanguka. Wakuu wa Vail waliita watu wa kabila la Ute waje kucheza ngoma ya kuomba theluji. Walicheza, na theluji ikaanguka. Habari hiyo ingali inasimuliwa Vail kwa kicheko. Lakini milima ile ilikuwa nchi ya Waute wenyewe. Mwaka wa 1881, jeshi na serikali ya Marekani waliwatoa Waute wa upande ule na kuwapeleka Utah. Miaka 80 kisha, jamaa zao waliitwa kama wageni kuja kuombea mlima wa babu.

Mwanzilishi aondolewa

Vail ilikua kwa haraka. Rais Gerald Ford alikuwa na nyumba pale, na alipokuwa madarakani waandishi wa habari wa dunia walimfuata huko. Lakini mwezi wa tatu 1976, vibanda viwili vya kamba vilianguka na watu 4 wakafa. Mwaka uleule, Harry Bass, tajiri wa mafuta kutoka Texas, alichukua uongozi wa kampuni kwa nguvu ya hisa zake. Seibert akatoka katika kampuni aliyoizaa.

Alijaribu tena. Mwaka wa 1978 alinunua kituo kingine, Snowbasin, katika jimbo la Utah. Madeni yakamshinda, na mwaka wa 1984 kikauzwa kwa tajiri mwingine. Mwezi wa pili 2002, mashindano makubwa ya kuteremka ya michezo ya Olimpiki yalifanyika palepale Snowbasin. Miezi mitano kisha, Seibert alifariki. Mara mbili aliona mapema mambo ambayo wengine walikuja kuvuna.

Nani anakumbukwa?

Miaka ya mwisho Seibert alirudi Vail, akapewa heshima na kazi ya kutoa shauri. Leo uwanja mmoja katikati ya mji una jina lake. Njia moja ya kuteremka inaitwa Riva Ridge, jina la mlima wa Italia ambako divizio ya 10 ilipigana mwaka wa 1945. Na sanamu ya mwanajeshi mwenye mbao za skii imesimama mjini.

Eaton, aliyejua njia, alibaki miaka mingi akifanya kazi mlimani. Hakuwa tajiri. Alifariki mwaka wa 2008. Lakini mwaka wa 2000, wakati sehemu mpya ya mlima ilifunguliwa nyuma, bonde moja lilipewa jina la Pete na lingine jina la Earl, yako kando kwa kando.

Siku hizi Vail ni moja ya vituo vikubwa zaidi vya Marekani. Kuteleza siku moja kunaweza kupita dola 200, na wafanyakazi wengi wa hoteli wanaishi mbali sababu nyumba za pale ni bei kali. Mlima ulioanzishwa na mwanajeshi mwenye goti bovu na mtafuta madini aliyekosa madini, leo watu wa namna yao wanaweza kushindwa kulala pale hata usiku mmoja.