Pwani Isiyo na Bahari: Historia ya Fukwe za Bujumbura

Walimu wa Kiswahili wafundishapo neno pwani, aghalabu huwaelekeza wanafunzi wao Mombasa, Bagamoyo au Unguja. Wana haki ya kufanya hivyo. Lakini yuko mwanafunzi ambaye hajapata kuionja chumvi ya bahari, naye asikiapo neno hilo huikumbuka mara moja pwani ya kwao. Huyo ni mwanafunzi wa Bujumbura, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, uliojengwa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika.

Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Katika dunia nzima ni Ziwa Baikal tu linalolipita kwa kina. Atokaye mjini kwa barabara ya Gatumba, iendayo mpakani mwa Kongo, hufika kwenye mchanga wa Saga, ufukwe uliowahi kuitwa kwa Kifaransa Plage des Cocotiers, yaani Ufukwe wa Minazi. Huko watu huogelea, hupunga upepo, na hula mukeke wa kuchoma huku wakitazama jua likizama nyuma ya milima ya Uvira. Si mbali na hapo Mto Rusizi huingia ziwani, na kwa kuwa mdomo wake ni makao ya viboko na mamba, mgeni hana budi kuwauliza wenyeji kabla ya kujitosa majini. Atokaye kwa barabara ya kusini huwa na ziwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, mpaka Rumonge na hatimaye Nyanza-Lac.

Katika barabara hiyo ya kusini, kilomita kama 10 kutoka mjini, liko jiwe kubwa la Mugere lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi huambiwa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, majuma machache kabla ya hapo, kisha wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini ili kuchunguza kama Rusizi hutoka ziwani au huingia. Wakaona kwamba huingia. Burton na Speke walikuwa wameambiwa hivyo na wenyeji walipofika Uvira mwaka 1858. Yafaa mwalimu aliseme jambo hili waziwazi: waliotajwa jiweni walithibitisha kile ambacho watu wa ziwani walikuwa wakikijua siku zote.

Safari hizo zilifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na misafara ya biashara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pembe na nguo. Ilipitisha pia watumwa, na hilo halifai kufichwa. Ndiyo iliyoleta Kiswahili. Mwaka 1897 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura, na askari, wapagazi na wachuuzi wakaiendeleza lugha hiyo. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, na kwa mkataba waliofanya na Waingereza mwaka 1921 wakapata nafasi ya kupitishia bidhaa zao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Hivyo ziwa likaendelea kuufunga mji huu na bahari. Mtaa wa Buyenzi ukajulikana kuwa makao ya Waswahili, na Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 jina la Usumbura likaachwa, likashikwa la Bujumbura.

Sasa na turudi kwenye neno lenyewe. Pwani limetokana na kitenzi kupwa, yaani maji kurudi nyuma na kuacha nchi kavu. Baharini maji hujaa na kupwa kila siku. Ziwani hakuna maji kujaa na kupwa kwa namna hiyo, na mtu angeweza kudai kwamba neno pwani halistahili kutumiwa huko. Historia inamjibu. Ziwa Tanganyika nalo hujaa na kupwa, ila hufanya hivyo kwa vizazi.

Sababu yake yaeleweka. Maji mengi ya ziwa hili hupotea kwa kugeuka mvuke, na mto utokao ni mmoja tu, Lukuga, upande wa magharibi. Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umesongwa na majani. Maji yalikuwa yakipanda, na mwishoni mwa miaka ya 1870 yakavunja kizuizi hicho. Ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Ndiyo maana ukumbusho wa Livingstone na Stanley huko Ujiji leo uko mbali na maji. Baada ya mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962 ziwa lilipanda tena, likafikia kilele mwaka 1964. Kisha likapwa. Watu wakajenga nyumba, mahoteli na maghala kwenye nchi iliyoachwa.

Katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji yalirudi. Huko Gatumba, mafuriko ya Rusizi na ya ziwa yaliwatoa maelfu ya watu majumbani, wengi wao wakaishia kambini. Hoteli za ufukweni ziliingiliwa na maji. Sheria ya maji ya mwaka 2012 ilikuwa imetenga ukanda wa mita 150 kandokando ya ziwa usijengwe. Ziwa likaonyesha kwa nini ukanda huo ulihitajika. Mwenye hoteli huweza kujenga upya. Maskini aliyenunua kiwanja kwa akiba ya maisha yake, asiambiwe na mtu kwamba babu zake walipaona pale pakiwa maji, ndiye apatwaye na hasara isiyofidika.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mazoezi mawili yafaa. La kwanza ni kukusanya msamiati: samaki aitwaye mukeke Bujumbura ni mgebuka Kigoma, na ndagala ni dagaa, wanafunzi na wautafute mwingine kwa wavuvi. La pili ni kuwatuma wanafunzi kwa wazee wa ziwani, wawaulize maji ya mwaka 1964 yalifika wapi, wayaandike majibu kwa Kiswahili sanifu na kuyachorea ramani. Wazee walioyaona maji hayo kwa macho yao wanazidi kupungua. Ramani ya namna hiyo, ikitundikwa ukutani mwa darasa, yaweza siku moja kumzuia mtu asijenge mahali ambapo ziwa halijapaacha bado.